Mwaka wa Hema la Kwanza

Bwana Wafula aliingia katika karakana yangu Jumanne moja asubuhi, mwezi uliopita, akauliza kama tungeweza kumpa mahema matatu na viti vya kutosha kwa sherehe ya kuposwa kwa binti yake. Alikuwa akiongea na karani wangu. Mimi nilikuwa nyuma, nimepiga magoti juu ya turubai nikitafuta tundu, na sauti ile nikaitambua kabla sijamwona mwenyewe: sauti nzito, ya mtu anayeonekana kusoma fomu hata anapokuuliza habari za nyumbani. Nikatoka. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe na mgongo ulianza kuinama, lakini kalamu ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Hakunijua. Nikamwambia mimi ni Jerusa wa Bondeni, yule wa televisheni, naye akanitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka ikabidi aketi juu ya robota la turubai na kuomba maji. Tulikunywa chai hadi saa sita tukiwataja watu mmoja mmoja, nani yuko wapi na nani alishatutoka. Alipoondoka nilishindwa kurudi kazini. Niliketi palepale nikiukumbuka mwaka ule mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na sina kitu, nikashangaa kwamba kinachonijia kwanza si hofu, ingawa hofu ilikuwepo. Kinachonijia kwanza ni vicheko.

Nilikuwa nimepanga chumba Bondeni, mjini Nakuru, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji. Kilikuwa na kitanda, jiko la makaa, meza yenye miguu mitatu na matofali mahali pa mguu wa nne, na dirisha lililotazama ua tuliokuwa tukianikia nguo sote. Stima ilifika chumba cha jirani ikaishia hapo. Jirani huyo alikuwa Mama Chebet, mama wa makamo aliyeuza maziwa yaliyoshuka kila asubuhi kutoka kwao Subukia, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba kiasi kwamba nilijua siku anayogandisha mursik, yale maziwa ya kibuyuni, na siku anayopika hasira. Asubuhi nilikuwa nikitembea hadi kwenye yadi moja kando ya barabara kuu, ambako malori ya safari ndefu yalisimama kufanyiwa matengenezo, na kazi yangu ilikuwa kushona maturubai yaliyopasuka. Niliajiriwa kushika kitambaa tu, fundi mwenyewe akishona, lakini macho ya fundi yalikuwa yakififia na kidogo kidogo sindano ikahamia mikononi mwangu. Nilijifunza kupaka uzi nta ya mshumaa ili maji yasipenye. Nilijifunza kukunja mshono mara mbili na kuupitia mara tatu. Jioni vidole vilikuwa vinauma hadi kumenya kitunguu kulinishinda, na bado niliipenda kazi ile kwa namna ambayo hata leo siwezi kuieleza vizuri.

Siku moja alikuja pale yadi mama mmoja aliyekuwa akiandaa harusi ya mwanawe, akauliza kama tunajua mtu mwenye hema la kukodisha. Alikuwa amezunguka mji mzima. Mahema aliyoyapata yalikuwa ya kuletwa kutoka Nairobi, na nauli ya lori peke yake ilimtisha. Fundi akamwambia hajui, mama akaenda zake, nami nikabaki nimeshika turubai la lori mapajani, nikiligeuza huku na huku. Ukiliondolea lori, nilijiambia, kinachobaki ni hema. Jambo hilo lilikuwa rahisi mno hata nikaona aibu kumwambia mtu. Nilimwambia Mwanaidi peke yake.

Mwanaidi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu. Alizaliwa Bondeni, na wazee wa wazee wake walipanda kutoka pwani enzi za kujengwa kwa reli, kwa hiyo chakula chake kilikuwa na nazi, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tujihisi tunaongea huku tumejaza mawe mdomoni. Kila Jumapili alasiri tulikutana sebuleni kwake, wanawake watano: yeye, mimi, Mama Chebet, na mapacha wawili, Pendo na Neema, waliokuwa wakiuza nguo za mitumba karibu na stendi. Tulikula mahamri na mbaazi, tukachangiana kidogo tulichokuwa nacho, tukasema watu kidogo, tukaondoka. Sebule ile ilikuwa fahari ya mtaa. Makochi yalivikwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na kwenye kona, juu ya kabati, ilikaa televisheni ya rangi yenye kitambaa chake cha kufuma kilichoning'inia mbele kama shungi. Nilipomweleza habari ya mahema, Mwanaidi aliendelea kusukuma mahamri bila kuniangalia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba atanunua la kwanza asikie watu wanasemaje. Nikamwambia siuzi, nataka kukodisha. Hapo ndipo alipoinua uso.

Nilianzia benki, kwa kuwa nilidhani ndiko watu huanzia. Nilivaa sketi ya kanisani. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu, hata kiti alinivutia, akauliza kama nina hatimiliki ya shamba, au kitabu cha gari, au mume mwenye kimojawapo. Nilipojibu hapana mara tatu aliona huruma, nami huruma yake ilinichoma kuliko angenifukuza. Baada ya hapo alijitokeza mwenye malori mmoja aliyesikia habari zangu pale yadi. Yeye hakutaka hatimiliki. Angenunua cherehani ya kushonea vitu vizito, angenunua turubai, angenunua hata nguzo, ila biashara iandikwe jina lake na mimi niwe fundi wake. Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Nilikuwa karibu kukubali. Siku ya tatu alipita yadini akamwonyesha rafiki yake kidole nilipokuwa nimeketi, akamwambia, "Huyo ndiye atanishonea mahema yangu." Hakusema vibaya. Lakini lile neno "yangu" liliniingia kama mwiba, na jioni nilimwambia Mwanaidi kwamba afadhali nishone maturubai ya malori mpaka nizeeke.

Ni Mwanaidi aliyeleta habari ya shirika dogo la mikopo lililokuwa limefungua ofisi mjini. Halikuuliza hatimiliki. Lilikopesha vikundi vya wanawake, kwa masharti mawili: wanakikundi wadhaminiane, mmoja akishindwa wengine walipe, na kila mmoja aandikishe vitu vya nyumbani kwake ambavyo vingeweza kuchukuliwa mambo yakienda mrama. Tulilizungumza Jumapili mbili. Pendo na Neema walitaka mtaji wa kununua marobota mazima ya mitumba badala ya nguo za kuchagua. Mama Chebet alitaka mikebe mikubwa ya maziwa, na cha kuandikisha alikuwa na ng'ombe wake wa Subukia. Mwanaidi alitaka tanuri. Mimi nilitaka kikubwa kuliko wote, na nilikuwa na kidogo kuliko wote, na kila mtu sebuleni mle alilijua hilo ingawa hakuna aliyelisema.

Wiki hiyo mume wa Mama Chebet alishuka kutoka Subukia. Nilikuwa nikimenya viazi jioni, jua bado liko dirishani, nikamsikia kupitia ukuta wa mbao akiuliza ng'ombe ameingiaje kwenye mambo ya hema. Mama Chebet alimweleza taratibu. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, kisha mzee akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "Na huyo msichana akihama?"

"Ahame aende wapi," Mama Chebet akajibu, "na hema mgongoni?"

Mzee alicheka kwanza polepole, kisha wote wawili wakacheka, nami upande wangu nikauma kitambaa cha kichwani nisisikike. Hadi leo sijui kama Mama Chebet alijua ninasikia. Yeye hayuko tena. Alizikwa kwao Subukia miaka sita iliyopita, chini ya mahema manne niliyoyapeleka na kuyasimamisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitamani nimuulize hilo, na kila mara tulipokutana tulikuwa na mengine ya kuongea.

Afisa wa shirika aliyetumwa kuandika vitu vyetu ndiye Bwana Wafula. Alikuja kwa pikipiki, faili limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Tulikuwa tumejiandaa kama watu wanaosubiri askofu. Pendo na Neema walikuwa wamesugua jiko lao la gesi mpaka rangi ikaanza kutoka. Mimi sikuwa na cha kusugua. Cherehani niliyoshonea ilikuwa ya fundi, kitanda kilikuwa cha mwenye nyumba, na asubuhi ile nilimwambia Mwanaidi kwamba nitajitoa, nisiwaharibie wenzangu. Mwanaidi alinitazama, akasema atafikiria kitu, na nilipaswa kuogopa pale pale, kwa sababu namna ya kufikiria ya Mwanaidi niliijua.

Bwana Wafula alianzia kwa Mwanaidi. Akaandika makochi, akaandika kabati, akaandika televisheni. Kisha Mwanaidi akamkalisha jikoni mbele ya sahani ya mahamri na chai ya tangawizi, akamsimulia historia ya Bondeni kuanzia reli. Wakati huohuo mapacha walipita mlango wa nyuma wakiwa wamebeba televisheni iliyofunikwa blanketi, wakakata uchochoro, wakaiweka chumbani kwangu juu ya ile meza yenye matofali, wakatoka mbio. Nilipofunua blanketi nilitaka kulia. Ilijaza chumba. Ilikuwa kama mgeni mkubwa aliyekuja akakosa mahali pa kukaa.

Bwana Wafula aliingia akifuta makombo kwenye masharubu. Akaiona, akafungua faili, akaandika herufi mbili tatu, kisha kalamu ikasimama. Akaangalia ukutani upande wa kulia. Akaangalia upande wa kushoto. Akainama akachungulia nyuma ya meza, akanyanyua uso taratibu mpaka kwenye taa yangu ya mafuta iliyoning'inia dirishani.

"Dada," akasema, "hii unaitazama kwa stima gani?"

Ningeweza kusema uongo wa pili. Niliutafuta, na nadhani ningeupata. Lakini nilipotazama televisheni nikaona kile kitambaa cha kufuma bado kinaning'inia mbele yake, mapacha walikuwa wameibeba nacho, na kicheko kikanipanda bila ruhusa yangu. Nikamwambia ni ya Mwanaidi, kwamba imepita uchochoroni wakati yeye anakunywa chai, kwamba wenzangu hawana kosa ila kunipenda, na kama ni kuandika jambo baya basi aliandike kwenye jina langu peke yangu. Yeye hakucheka. Alifunga faili, akaliweka kwapani.

"Haya," akasema. "Sasa nionyeshe chako."

Nilimpeleka uani. Nyuma ya kamba za nguo, kwenye boriti ya banda la kuni, nilikuwa nimetundika mfuko wa turubai mkubwa kama gunia la mahindi, nilioshona kwa vipande nilivyopewa kule yadi. Ulikuwa umejaa maji hadi juu. Nilikuwa nimeujaza siku tatu kabla, kwa ndoo, watoto wa plot, wa vyumba vyote vya ua ule, wakinicheka, kwa sababu nilitaka kujua mwenyewe, kabla sijamwomba mtu pesa yake, kama mshono wangu unaweza kuzuia mvua. Nilimweleza habari ya nta, ya kukunja mara mbili, ya kupitia mara tatu. Bwana Wafula akasogea, akapitisha kidole chini ya mshono, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma mstari. Akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Akapitisha tena upande wa pili. Kisha akafungua faili, akageuza ile fomu mbele na nyuma, akaniambia kwa masikitiko kwamba haina sehemu ya kuandika kitu kama hicho. Akapanda pikipiki akaenda, na tukakaa wiki mbili bila neno. Mwanaidi, ambaye hakuwahi kuomba mtu radhi, aliniletea chakula kila jioni wiki hizo mbili, na tuliheshimiana kwa kutolitaja jambo lile.

Tulipoitwa ofisini tulikwenda wote watano, kwa miguu, tukiwa tumeshikana mikono kwenye kuvuka barabara kama watoto wa shule. Meneja alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Bwana Wafula alikaa pembeni, kichwa chini. Meneja alisema amesoma ripoti yote, na aliposema yote alinitazama. Akasema kikundi ni kizuri, mikopo minne haina shida, ila mwanachama mmoja hana kitu cha kuandikwa. Tulikuwa na njia mbili: aondolewe, au wenzake wabebe sehemu yake kwa vitu vyao, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele yake, kwamba anakubali. Nilisikia feni ya darini. Nilianza kuinuka niwaambie wasijisumbue, Pendo akanivuta sketi nikarudi chini.

Mama Chebet ndiye aliyetangulia. "Andika ng'ombe wangu mara mbili," akasema.

Meneja akamweleza kwamba ng'ombe mmoja hawezi kuandikwa mara mbili.

"Basi nusu ya mbele iwe yangu," Mama Chebet akasema, "na nusu ya nyuma iwe ya Jerusa. Ya nyuma ndiyo yenye maziwa."

Bwana Wafula alitoka nje haraka, na tulimsikia akicheka kwenye korido. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwanaidi akasema televisheni na iandikwe, safari hii ikiwa nyumbani kwake. Mapacha wakakubali kwa pamoja. Nimesikia hotuba nyingi tangu wakati huo, na nimekaa mbele ya mameneja wa benki ambao siku hizi huja wenyewe karakanani kwangu na kalenda na miavuli, wakitaka nikope. Huwa nawapokea vizuri. Lakini mahali nilipojua thamani yangu ni kwenye kiti kile cha plastiki, katikati ya wanawake wanne, nikipewa nusu ya ng'ombe.

Nilipewa pungufu ya nilichoomba. Kilitosha turubai na nguzo, hakikutosha cherehani mpya, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wangu wa yadi nikamweleza ukweli wote. Nilitegemea akasirike. Alinisikiliza, akasema macho yake yameshachoka na cherehani ile, na kwamba niichukue nimlipe polepole, mradi nimshonee turubai la mwisho alilokuwa ameahidi mteja. Nililishona siku hiyohiyo. Halafu tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, kwamba hema zima haliingii katika chumba chochote Bondeni. Tulishonea uani. Cherehani ilikaa mlangoni kwangu, na turubai likatambaa ua mzima, likipita chini ya kamba za nguo hadi kwenye bomba la maji, na kila nilipokanyaga pedali wanawake watatu walilisukuma na mmoja akalivuta. Watu wa plot walilazimika kuruka juu yake kwenda kuteka maji. Mwanaidi alipika githeri, yale mahindi na maharagwe, kwa tui la nazi kwenye sufuria kubwa, kitu ambacho Mama Chebet aliapa si githeri, kisha akala sahani tatu. Bwana Wafula alipita kwa pikipiki kukagua mkopo, akaambiwa avue viatu au asikanyage, naye akavua, akashika upindo mmoja akavuta pamoja nasi hadi jioni.

Mteja wa kwanza tulimpata kupitia Mama Chebet: harusi ya binti wa jirani yao, Subukia. Tulikodi pikapu na kwenda wote, kwa sababu kila mmoja alidai kwamba bila yeye hema halitasimama. Lilisimama. Lilikuwa jeupe lenye mistari ya kijani, na kwenye ule mteremko, mahindi na mibuni pande zote, lilionekana kama kitu kilichotoka mbali, si uani kwetu kwenye kamba za nguo. Pilau ilikuwa inaanza kupakuliwa mvua ilipoteremka. Mvua ya Subukia haianzi kwa matone. Ilikuja kutoka ng'ambo ya bonde ikitembea, tukaiona, na wageni wote walio nje wakakimbilia ndani mpaka hema likajaa watu waliosimama wakiwa na sahani mkononi. Kelele juu ya turubai ilizima sauti ya mchungaji. Nilikuwa nimeinua uso, nikifuata mshono mmoja baada ya mwingine, kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, nikisubiri tone. Nilitazama hata shingo ikaniuma. Mwanaidi alisimama karibu nami akitazama pia, midomo yake ikisoma dua. Hakuna tone lililoingia. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anakula taratibu, sahani yake kavu, wala hakuinua macho hata mara moja kuangalia juu, na sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Mvua ilipopungua baba wa bibi harusi alikuja akimtafuta mwenye hema. Alimuuliza dereva wa pikapu, dereva akamwelekeza kwetu, akatupita akimtafuta mwanamume nyuma yetu. Nikamwambia wenyewe ndio sisi. Mama Chebet, mdomo umejaa pilau, akainua mkono kuthibitisha. Mzee aliomba radhi, akauliza kama tungeweza kurudi Desemba kwa sherehe ya dada yake, na kama tutakuwa na mahema mawili wakati huo. Sikuwa na la pili. Sikuwa hata na kitambaa cha la pili. Nikamwambia tutakuwa nayo.

Kulishusha kulitushinda, kwa kuwa lilikuwa limekunywa maji kwa nje na kuwa zito kama ng'ombe mzima. Wageni wakaja kutusaidia, na bibi harusi mwenyewe akapandisha gauni akashika kona. Tulilikunja vibaya, tukalirundika nyuma ya pikapu. Dereva akasema kuna nafasi mbele ya wawili, aingie aliyechoka. Tukapanda nyuma wote watano, tukakaa juu ya hema likiwa limelowa, maji yakatupenya nguo hadi mwilini, na njia nzima ya kurudi Nakuru Mama Chebet na Mwanaidi waliimba, kila mmoja wimbo wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuhamia mbele.